Nilipokatazwa Kugongwa

Kama mguu wako mmoja umevimba kuliko mwenzake, una joto, na ukiukanyagia unauma ndani kabisa ya nyama, acha kusoma uende hospitali kwanza. Nitakungoja. Ukirudi utanikuta hapa hapa, maana siku hizi mimi si mtu wa haraka. Habari za damu na mishipa sitakueleza, hizo muulize daktari, ndiye aliyezisomea. Mimi nitakueleza yale ambayo hakuna aliyenieleza: vile unavyokaa kwenye viti vya kungojea mpaka unawajua wafagiaji kwa majina, vile mwili unavyokugeuka, na vile mke wako anavyoweza kuiogopa mikono yake mwenyewe.

Jina langu ni Wekesa, mtu wa Bungoma, mlinzi wa jengo moja refu hapa Dubai. Kwa misimu sita nilicheza mpira wa Kimarekani katika klabu ya watu wa ridhaa, yaani watu wasiolipwa na wanaojinunulia viatu wenyewe. Najua unacheka. Hata mama yangu alidhani ni raga iliyovalishwa kofia ya pikipiki. Upande mmoja unasogeza mpira mbele kwa kukimbia nao au kuurusha, na upande wa pili unawaangusha wasipite. Mimi nilikaa katikati ya hao wa kuangusha. Kazini mlinzi, uwanjani mlinzi, na wenzangu chumbani walinitania kwamba sijawahi kupata siku ya mapumziko.

Aliyenipeleka huko ni Karim, Mlebanoni, mhandisi, mkazi wa jengo ninalolinda. Siku moja alinikuta nimebeba friji ya mkazi mwingine mgongoni, peke yangu, akasimama akanitazama kama mtu anayenunua ng'ombe. Akaniuliza kama nimewahi kucheza raga. Nikamwambia shuleni, sir. "Yalla," akasema, yaani haya twende, "Jumamosi nakupitia."

Lazima nikwambie uwanja ule ulikuwa nini kwangu, la sivyo hutaelewa kwa nini baadaye nilikaribia kufanya ujinga. Kwenye meza ya mapokezi nasimama zamu nzima na maneno machache tu, karibu sir, karibu madam, na nayasema kwa sauti ya chini, kwa sababu mlinzi mwenye kelele hapa hakai. Lakini uwanjani nilikuwa kapteni wa ulinzi. Kapteni ndiye anayesoma wapinzani wanavyojipanga, kisha anawapigia kelele wenzake kumi kila mmoja asimame wapi. Kati ya hao kulikuwa na rubani, mtu wa benki, walimu, na Karim. Jumatatu alikuwa Sir Karim. Jumamosi alikuwa Karim, na akisimama vibaya nilimfokea mpaka ahame. Hakuna aliyeniona sina adabu. Wiki yangu yote niliiishi nikiielekea siku hiyo moja, na nilijua wazi kwamba ikiondoka nitabaki na meza.

Mechi ya mwisho ya msimu tuliichezea Abu Dhabi, mwezi wa Aprili, jua limeshaanza ukali. Kofia ya mtu ilinipiga kwenye shavu la mguu wa kushoto. Nikainuka, nikaendelea, tukashindwa. Kurudi nilikaa kiti cha nyuma cha basi goti limekunjwa njia nzima, na kesho yake nikasimama zamu yangu mezani kama kawaida. Mguu ukavimba. Sikushtuka, kwa sababu mchezaji ambaye haumwi Jumapili hakucheza Jumamosi.

Mke wangu Nafula anafanya kazi saluni, mtaa wa Al Baraha, na analala huko na wanawake wenzake katika chumba ambacho mwanamume haingii. Mimi nalala mtaa wa Discovery Gardens, chumba cha wanaume cha vitanda vya juu na chini, ambamo kuta zetu ni mapazia. Mtoto wetu Ian yuko Bungoma kwa mama. Kwa hiyo sisi ni mume na mke wa vituo vya treni. Siku yake ya mapumziko Nafula huja mchana, wenzangu wakiwa kazini, na anayebaki ni Juma, Mtanzania wa Tanga, ambaye hukumbuka ghafla kwamba vitunguu vimekwisha, na huenda kuvinunua kwa muda mrefu sana.

Alipokuja baada ya mechi ile, Nafula aliutazama mguu wangu, akavua saa yake ya mkononi.

Kwetu mguu uliovimba haupelekwi kwa daktari. Unakandwa. Nyanya yake Nafula alikuwa mkandaji, na kijiji kizima, wanawake waliotoka kujifungua na vijana waliotoka mpirani, walipita mikononi mwake. Nafula alijifunza akiwa bado msichana. Na kwa sababu anasuka nywele kutwa, vidole vyake vina nguvu kuliko vyangu.

"Baba Ian, hii damu imelala hapa," alisema akibonyeza. "Tukiiacha italeta shida. Lazima niiamshe."

Alichemsha maji akatia chumvi, akachovya taulo, akanikanda mpaka ngozi ikawaka. Kisha akapaka dawa ya kuchua na kupandisha kwa vidole gumba kutoka kisiginoni hadi gotini, taratibu, tena na tena. Niliuma pazia. Aliponiona machozi akacheka, akasema nyanya angeniongezea kofi. Nililala vizuri siku ile, na alipokuja tena akanikanda tena, na aliyeomba ni mimi.

Baada ya hapo pumzi ikaanza kunipungukia. Nikipanda ngazi nasimama katikati. Nilidhani ni mbavu, kwa vile katika mchezo wetu mbavu huumia bila kuaga. Halafu asubuhi moja mezani madam mmoja alipita na mbwa wake, nikafungua mdomo nimsalimie, na hewa haikuwepo. Maumivu hayakuwa makali kihivyo. Hewa tu haikuwepo. Karim alikuwa akishuka kwenda kazini. Anasema midomo yangu ilikuwa rangi ya majivu. Alinishika kwapani akaniburura hadi kwenye gari lake, na mimi njia nzima nilikuwa nanong'ona, "Sir, meza. Nimeacha meza."

Donge la damu lilikuwa limejitengeneza mguuni, na kipande chake kilikatika kikasafiri hadi kwenye mapafu. Hayo ndiyo yote utakayosikia kwangu kuhusu utabibu.

Daktari alikuwa mama wa Kimisri, mpole, mwenye miwani iliyoning'inia shingoni. Alipokuja kunitazama Nafula alikuwa amesimama kando ya kitanda. Akauliza kama kuna mtu aliyeukanda mguu ule.

"Hapana," nikajibu upesi.

"Ni mimi," Nafula akasema. "Nimeukanda mara mbili, daktari. Na maji moto."

Daktari akautazama mguu. Kisha akaeleza, bila ukali, kwamba donge lingeweza kukatika hata bila kuguswa, mengi hukatika yenyewe, na hakuna anayeweza kujua. "Lakini kuanzia leo, khalas, basi. Mguu huu haukandwi na mtu."

Nafula aliitikia kwa kichwa. Akakaa, akaupakata mkoba wake, akaingiza mikono yote miwili ndani. Alikaa hivyo mpaka muda wa kuona wagonjwa ukaisha, na wakati wa kuondoka aliniaga kwa mdomo tu.

Majuma ya kwanza mimi nayaita majuma ya sindano. Nilirudi chumbani nikiwa na pakiti za kujidunga mwenyewe tumboni, na tumbo langu likajaa madoa ya zambarau. Juma alinikuta nikijaribu kupanda kitanda changu cha juu kwa mguu mmoja. Alitoa shuka zake kitanda cha chini, akatandika zangu, akarusha mto wake juu.

"Kaka Wekesa, huku juu kuna upepo mzuri wa eisii," akasema. "Nilikuwa nakuonea wivu siku nyingi."

Ulikuwa uongo mtupu. Kiyoyozi kile kinamdondoshea maji usoni yeyote anayelala pale. Kila asubuhi kabla ya kazi aliniachia uji kwenye chupa, na nikilalamika sukari imezidi ananiambia Wakenya hatujui uji wala Kiswahili.

Sasa nikueleze kufungwa. Supavaiza wetu, Bwana Shafiq, alinipigia simu akasema kampuni inaonelea nikapumzike Kenya. "Ukipona, inshallah, tutakuita, ndugu." Hapa kila mtu anajua maana ya tutakuita. Viza yangu ni ya kampuni. Wakiifuta, nimekwisha. Nikaenda kwa daktari nikitumaini ataniandikia nirudi kazini, akasema bado, hata kusimama kwa muda mrefu bado. Nikamwambia basi nirudi nyumbani. Akasema ndege pia bado, mpaka donge litulie. Nilitoka pale nimezuiwa kufanya kazi na nimezuiwa kuondoka. Hata jela mtu huambiwa anatoka lini.

Mama alipiga simu jioni hiyo. "Wekesa, rudi nyumbani. Huko kuna nini?"

"Mama, daktari amekataza ndege."

"Basi kuja na meli."

Nilicheka mpaka kifua kikaniuma, kisha nikazima simu nikalia ndani ya pazia langu. Nililia kwa hasira. Nilikuwa na hasira na mguu, na kampuni, na yule jamaa wa Abu Dhabi na kofia yake, na, nisikufiche, na Nafula pia kidogo, kwa kuwa alikuwa hataki kunishika hata bega. Alikuja na chakula, akakiweka, akarudisha mikono mkobani. Ukimwambia daktari amesema si kosa lake, anajibu, "Daktari hakusema hivyo. Alisema hajui."

Sindano zikaisha, vikaja vidonge, na pamoja navyo kiangazi. Usipojua kiangazi cha huku, fikiria umefungua mlango wa jiko la mkate ukaambiwa uingie. Daktari alisema nitembee kila siku, na nje hakutembeleki. Kwa hiyo nilitembea ndani ya mall asubuhi kabla ya maduka kufunguliwa, pamoja na wazee wa Kihindi wenye raba nyeupe. Mwanzo nilijificha, mimi niliyekuwa nakimbiza watu sasa napitwa na mabibi. Mzee mmoja akawa anapunguza mwendo anapofika kwangu, tunatembea sambamba bila kuongea, tunapofika mwisho ananipungia mkono. Sijui jina lake mpaka leo. Kuna asubuhi niliamka kwa ajili yake tu.

Kliniki nayo ina watu wake. Unachukua namba, unakaa, unatazama namba zikipanda kwenye skrini, na namba yako ikikaribia mtu wa bima anasema mtandao umegoma. Nilijifunza kuwatambua wenzangu kwa miguu: Mnepali wa ujenzi, mama Mfilipino, dereva Mpakistani wa Peshawar, sote tumevaa soksi moja ndefu ya kubana, rangi ya plasta. Hatukuwa na lugha moja. Tulionyeshana vidonge kama watoto wanaoonyeshana peremende. Dereva alikuwa akinihifadhia kiti kilicho mbali na mlango, kwa sababu mlango ule ukifunguka joto linakupiga kofi.

Mwili wangu uliniacha taratibu. Nikinyoa, tone dogo la damu linakataa kukauka. Nikijigonga kwenye ukingo wa kitanda, kesho kuna doa kama nimepigwa rungu. Mabega niliyoyajenga kwa misimu sita yakashuka, mashati yakaanza kuning'inia. Ian akaniona kwenye simu akauliza, "Baba, hiyo shati ni ya nani?" Nikamwambia ni ya rafiki yangu mmoja mnene.

Ile soksi ndiyo iliyonirudishia mke wangu. Ilikuwa Julai. Soksi ya aina ile haivaliki kirahisi, inabana kama imeshonwa kwa ajili ya mtoto, na siku hiyo nilikuwa nimebadilishiwa nyingine mpya, ngumu zaidi. Nafula alikaa kwenye kitanda cha jirani akinitazama nikihangaika nayo, natweta, jasho linanitoka. Nikaitupa chini. Nikasema siivai, niacheni nife na mguu wangu.

Halafu akatoa mikono mkobani. Akachimba humo ndani akatoa glavu za mpira za saluni, zile wanazovaa wakipaka nywele rangi, akazivaa. Akapiga magoti. Akageuza soksi ndani nje hadi kisiginoni, akaiingiza kwenye vidole vyangu, kisha akaanza kuipandisha kwa viganja, kidogo kidogo, akiilainisha bila kubonyeza hata mara moja. Mpira wa glavu uliishika soksi vizuri kuliko mikono mitupu. Alipofika gotini alikuwa analia na mimi nalia, na hakuna aliyemtazama mwenzake.

"Inabana?" akauliza.

"Inabana vizuri."

"Basi kesho usiitupe chini, kuna vumbi."

Tangu siku hiyo aliniachia pea ya glavu chini ya mto. Kama una soksi ya namna hii, tafuta glavu za mpira. Hilo kliniki hawakuniambia.

Agosti daktari aliniruhusu kazi nyepesi. Kampuni, ambayo haikuwa imeifuta viza yangu, ikanitoa mezani, ikanishusha kwenye chumba cha kamera, chini ya ardhi, hakuna dirisha, skrini ukutani zinaonyesha lifti, korido na maegesho. Ndege sasa niliruhusiwa, lakini likizo sikuwa nayo tena, niliimaliza kwa kuumwa. Kila mara nilitakiwa kuinuka nipige hatua papo hapo ili damu isilale, kwa hiyo nikawa napiga gwaride peke yangu mbele ya ukuta wa skrini. Watu wote wa jengo wanakuja na kwenda, na mimi nawatazama. Jumamosi moja nilimwona Karim akishuka kwa lifti na begi lake la michezo. Mazoezi ya msimu mpya yameanza. Alitazama juu kwenye kamera akapunga mkono, na mimi nikapunga, ingawa hakuniona.

Wiki hiyo kocha wetu alikuja kunitembelea Discovery Gardens. Kocha Dale ni Mmarekani, mwalimu wa hesabu, mtu mrefu mwenye goti bovu, na kwenye kitanda chetu cha chini alikaa magoti yakimfika kidevuni. Alikunywa chai ya Juma, akaisifu, kisha akaniambia anataka nimsaidie kufundisha ulinzi msimu huu.

"Kocha," nikamwambia, "mimi sijafa."

Katika klabu yetu ukocha ni kaburi lenye filimbi. Hakuna aliyewahi kuwa kocha huku mwili wake ukiwa unakubali. Dale mwenyewe alikuwa mchezaji mpaka goti likakatika, na aliyemtangulia alikuwa na bega lisiloinuka. Walikuwa wakisimama pembeni na mikono kifuani, na sisi tuliwahurumia na kusahau wapo.

Hakukasirika. "Nilipoacha kucheza, mwaka mzima sikutaka hata kuuona uwanja," alisema. "Sikwambii ni rahisi. Nakwambia nafasi ipo."

Alipoondoka Juma akanigeukia. "Kaka, umemjibu vibaya mgeni."

"Ananionea huruma."

"Sasa mtu akikuonea huruma ndiyo umtukane? Mimi nakupikia uji kwa sababu gani?"

Nilifunga pazia. Nilichokuwa nacho moyoni ni Oktoba. Oktoba ndipo ingefanywa skani ya pili, na nilikuwa nimejiahidi kwamba skani ikiwa safi nitaacha vidonge, nitarudi katikati ya uwanja, na mambo haya yote yatakuwa hadithi ya kuchekesha.

Oktoba ikafika, madirisha ya Discovery Gardens yakaanza kufunguliwa. Nafula aliomba ruhusa tukaenda pamoja. Daktari alitazama picha muda mrefu. Mapafu yamesafika, alisema, alhamdulillahi. Lakini mshipa wa mguu umebaki na kovu, na vipimo vya damu vinaonyesha ni damu inayopenda kuganda. Vidonge ni vya maisha.

Nikamzunguka kwa maneno. Nikamwuliza kama mtu anaweza, kwa mfano, kuacha kumeza siku ya mechi, halafu akameza baadaye.

Alivaa miwani ndipo akanijibu. "Ukicheza ukiwa umemeza, pigo moja la kichwa linaweza kuvujisha damu ndani na isikome. Ukiacha kumeza ili ucheze, donge linaweza kurudi. Hakuna siku ya katikati, Wekesa. Kukimbia, sawa. Kuogelea, sawa. Kugongwa, hapana."

Kwenye treni mimi na Nafula hukaa pamoja siku zote, kwenye mabehewa ya watu wote. Siku hiyo treni ilipofungua milango yeye aliingia behewa la wanawake, bila kunitazama. Nilimwona kupitia kioo amesimama ameshika bomba, mdomo ameuuma. Alijua nitakachofanya kabla sijakijua mimi.

Ijumaa hiyo jioni nilikula wali wangu na sikumeza kidonge. Nilikirudisha kwenye pakiti, pakiti nikaiacha kitandani. Asubuhi nikamwambia Karim anipitie, na garini nikamwambia daktari ameruhusu. Karim aliongeza sauti ya redio.

Usinifikirie kwamba sikuogopa. Niliogopa kifo, lakini kifo sikukiona, na kile chumba cha kamera nilikuwa nakiona kila siku. Nawe ukifika hapo, na huenda umefika, ujue si wewe peke yako. Karibu kila mgonjwa niliyeelewana naye pale kliniki, hata kwa ishara, alishawahi kuificha dawa walau mara moja. Mwambie mtu mmoja. Usifanye kama mimi, ambaye nilimficha kila mtu nikaacha pakiti mahali ambapo Juma angeiona.

Nilivaa vifaa vyote. Pedi za mabega zilinicheza kama ndoo juu ya mti. Wachezaji wakanipigapiga mgongoni, taratibu mno. Tulikuwa ndiyo tunajipanga nilipoona teksi inasimama kando ya uzio, na Nafula anashuka na chupa ya chai. Jumamosi ndiyo siku ya kazi nyingi kuliko zote pale saluni. Nilimwendea.

"Juma amenipigia simu," akasema.

"Kwa hiyo umekuja kunizuia."

"Nikuzuie na nini? Wewe ni mtu mzima. Nimekuja kukuona. Miaka yote unafanya hii kitu na mimi sijawahi kuiona hata siku moja. Kama ndiyo itakuua, wacha angalau niijue." Akatandika leso kwenye nyasi akakaa. "Enda. Angusha mtu, nione."

Zoezi la kwanza lilikuwa la kuangushana, wawili wawili. Mmoja anakimbia na mpira, mwingine anamkabili. Nikachukua nafasi yangu. Aliyekuwa na mpira ni Karim. Akaanza kukimbia, na alipobakiza hatua moja anifikie, akasimama. Akauweka mpira chini.

"Kimbia," nikasema.

"Sikupigi, kapteni."

"Nimesema kimbia."

Alitikisa kichwa na kuondoka. Akafuata rubani. Huyu hata hakuinama kuuokota mpira. Akaja Mnaigeria mmoja mgeni, asiyejua habari yangu, akautwaa, na Karim akamwekea mkono kifuani, akamnong'oneza kitu, naye akauweka chini. Kocha Dale alikuwa anatazama viatu vyake.

Nimewahi kuzimia uwanjani, nimewahi kuvunjika kidole, sijawahi kuona aibu kama ile. Mchezaji ambaye hakuna anayekubali kumgonga si mchezaji. Hilo daktari hakuweza kunifanya nilielewe, wala Nafula, ila mpira ule kwenye nyasi ulinielewesha. Niliivua kofia. Usidhani niliivua kwa busara. Niliivua kwa hasira nikaitupa, nikazifungua pedi na kuziacha hapo hapo, nikatoka nje ya mstari nikakaa kwenye leso kando ya mke wangu.

Hakusema pole. Alimimina chai, akanipa andazi. "Kula kwanza," akasema, "kidonge hakimezwi tumbo tupu." Kisha akafungua mkoba akatoa kidonge. Alikuwa amepitia Discovery Gardens kukichukua kabla ya kuja. Nilikimeza na chai ya moto, ikaniunguza koo.

Nyuma yangu mazoezi yalikuwa yameendelea. Sikutaka kugeuka, lakini masikio yalisikia wenzetu waliocheza kama wapinzani wanajipanga, nikageuka kwa mazoea tu. Wamesogeza watu wao wazito upande wa kushoto, na walinzi wetu wote wamelala kulia kama kondoo. Hakuna aliyeona. Kocha Dale alikuwa ng'ambo nyingine. Mpira ulikuwa unakaribia kuanza.

"Kushoto!" nikapaza, andazi bado mdomoni. "Wote kushoto! Nyuma hatua moja!"

Wakahama. Bila kuangalia nani amesema, wakahama. Mkimbiaji akaja kushoto, akaukuta ukuta, akaanguka pale pale alipoanzia. Nilikuwa nimeshasimama. Nikawafuata kando ya mstari nikiwafokea mmoja mmoja kwa majina yao, wewe miguu, wewe macho, wewe umelala, na sauti ikatoka yote, ile iliyokaa chini ya ardhi miezi yote.

Nafula alinifuata na kikombe. Aliwatazama, akanitazama.

"Hawa ndio wale unaita sir?"

"Ndio wao."

"Na unawapigia kelele hivi?"

"Kila Jumamosi."

"Na hawakufukuzi?"

Wapinzani walikuwa wanajipanga tena. Nilichukua kikombe changu cha chai mkononi mwake nikasogea karibu na mstari.